Mzanzibari wa pili: Salim Ahmed Salim na karatasi ya Lusaka



Kwetu ukitaja Zanzibar, watu wanafikiri mtu mmoja tu: Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el-Murjebi alizaliwa kule kisiwani, akaweka makao yake Kasongo, na njia yote kutoka hapa mpaka Tanganyika ikajaa pembe za ndovu na watumwa. Habari yake tumeisoma tangu tukiwa wadogo. Wengine wanamlaani. Wengine, tuseme ukweli, wanajivunia kwamba Kiswahili chetu kilipita mlango wake. Mimi leo nataka kuwaletea Mzanzibari wa pili. Huyu hakuleta bunduki wala msafara, lakini kazi yake iligusa maisha ya kila mtu aliyekuwa hai hapa Maniema ya kusini kati ya 1998 na 2003, na vijana wengi hata jina lake hawalijui. Anaitwa Salim Ahmed Salim.

Kilichonisukuma kuandika ni swali la wadogo zetu wa chuo. Wananiuliza: "Yaya, kazi ya diplomasia inafanywaje? Inaanzia wapi?" Mimi ni mtu wa agronomia, nimezoea mozaiki ya muhogo na mbegu za mpunga, si mambo ya ubalozi. Lakini naona wanachokiota: suti, gari lenye bendera ndogo mbele, safari za ndege. Nikasema ngoja nitafute mtu mmoja aliyeifanya kazi ile maisha yake yote, nione inavyoonekana mwaka kwa mwaka, na ilitufikia vipi sisi.

Kabla ya kwenda Zanzibar tubaki kidogo nyumbani, juu Kasongo iliwahi kuwa na wajumbe wake, na hiyo historia ni nzito. Mwanzo wa miaka ya 1890, Dola ya Leopold iliweka mwakilishi wake hapa Kasongo, luteni Lippens, pamoja na msaidizi wake, sajini De Bruyne. Kazi yao ilikuwa kukaa karibu na Sefu, mtoto wa Tippu Tip, kusikiliza na kupeleka maneno. Mwisho wa 1892 vita ikalipuka kati ya Sefu na jeshi la Dola, na wajumbe wakageuka mateka. Mwezi wa Novemba De Bruyne alipelekwa mpaka ukingo wa mto Lomami ili aongee na maofisa wenzake waliokuwa ng'ambo. Wale wakamwambia ajitupe majini, aogelee, wao watamkinga kwa bunduki. Akakataa, kwa sababu Lippens alikuwa amebaki Kasongo na angelipia. Akarudi na walinzi wake. Mwezi wa Desemba wote wawili waliuawa hapa hapa. Aprili 1893 Dhanis akaingia Kasongo na jeshi. Sisemi walikuwa watu wema kwetu. Walikuwa macho na masikio ya Leopold, na sanamu yao iko Blankenberge, Ubelgiji, si hapa. Ila naitaja ili tujue mapema kwamba mjumbe anakaa mahali ambapo hana jeshi. Ana neno la aliyemtuma, basi. Neno hilo likivunjika, yeye ndiye wa kwanza kuonekana.

Sasa Salim. Alizaliwa Zanzibar tarehe 23 Januari 1942. Akiwa kijana wa shule alikuwa tayari ndani ya siasa za wanafunzi, akafuata chama cha ZNP, kile ambacho Wazanzibari wanakiita Hizbu, akaenda mpaka Havana kufanya kazi katika ofisi ya chama. Wekeni hili kichwani, litarudi baadaye. Mapinduzi ya Zanzibar yakatokea tarehe 12 Januari 1964. Mwaka huo huo, serikali mpya ikamtuma Cairo kuwa balozi. Alikuwa na miaka 22.

Miaka 22, wandugu! Kwetu ni umri wa mwanafunzi wa chuo, unatafuta minervali na unangoja matokeo yatundikwe. Na Cairo ya 1964 haikuwa kituo cha kupumzika. Nasser alikuwa pale, vyama vingi vya ukombozi wa Afrika vilikuwa na ofisi pale, na mwezi wa Julai wakuu wa inchi za OUA walikutana pale. Ndio mwaka ule ule Simba walichukua Kindu na Kisangani, na Misri ikawa upande wao. Kwa hiyo mambo ya mashariki ya Kongo yalikuwa mezani Cairo tangu siku za kwanza za kazi ya huyu kijana. Mwezi wa Aprili, Zanzibar na Tanganyika ziliungana, na balozi wetu akawa wa inchi nyingine bila kubadili kiti.

Jambo moja ambalo litawafurahisha wengine na kuwaudhi wengine: alikuwa balozi kabla ya kuwa na lisansi. Kutoka Cairo alipelekwa India, 1965 mpaka 1968, na masomo yake ya chuo kikuu aliyafanya kule Delhi, chuo cha St. Stephen's. Shahada ya pili aliipata 1975 New York, chuo kikuu cha Columbia, wakati anaiwakilisha Tanzania kwenye Umoja wa Mataifa. Sisi tunapata diploma kwanza halafu tunatafuta kazi miaka kumi. Yeye alipewa kazi halafu akakimbiza diploma. Sisemi ni mfano wa kufuata. Ilikuwa enzi nyingine, serikali changa zilikuwa hazina watu. Lakini tusidanganyane pia kwamba ilikuwa bahati tu. Wako wengi waliopewa vyeo 1964 ambao leo hakuna anayewakumbuka.

Mwaka 1969 alikuwa balozi China. Mwaka 1970 Nyerere akampeleka New York, akiwa na miaka 28, na pale akakaa miaka kumi mizima. Hapa ndipo nataka tukae, kwa sababu ndani ya miaka hiyo kumi alipanda vitu viwili, na vyote viwili vilikuja kuvunwa mbali sana na alipovipandia.

Cha kwanza ni China. Tangu 1949 kiti cha China kwenye Umoja wa Mataifa kilikuwa kinakaliwa na serikali ya Taiwan, na Marekani ilikuwa inakilinda kila mwaka. Tanzania ilikuwa kati ya inchi 23 zilizoleta pendekezo la kuirudisha Beijing. Tarehe 25 Oktoba 1971 kura zikapigwa: 76 ndiyo, 35 hapana, 17 hazikuchagua upande. Ukumbi ukalipuka kwa makofi, na wajumbe wa Tanzania wakashangilia mbele ya kamera. Picha iliyobaki vichwani mwa Wamarekani ni ya balozi kijana wa Tanzania akicheza ndani ya ukumbi. Alicheza kweli au alipiga makofi tu kama wengine, hiyo imebishaniwa sana. Kilicho hakika ni kwamba balozi wa Marekani aliyeshindwa usiku ule aliitwa George Bush, yule mzee, baba. Hilo pia liwekeni kichwani.

Cha pili ni ukombozi. Tangu 1972 Salim alikuwa mwenyekiti wa Kamati ya watu 24, ile kamati ya Umoja wa Mataifa inayofuatilia inchi zilizobaki chini ya ukoloni. Hii kazi haina makamera. Ni kusikiliza watu wanaoleta malalamiko yao, kusahihisha maazimio neno kwa neno, kumbembeleza mjumbe wa inchi fulani asiende kunywa kahawa wakati wa kura. Miaka minane hivyo. Angola, Msumbiji, Zimbabwe, Namibia, zote zilipita kwenye meza yake. Mwaka 1979 akachaguliwa kuwa rais wa Baraza Kuu, akiwa na miaka 37, na mwezi wa Agosti 1980, yeye akiwa bado kwenye kiti, Zimbabwe ikapokelewa kuwa mwanachama. Nadhani ile siku ilikuwa tamu kwake kuliko nyingine zote. Ni wazo langu tu.

Halafu ikaja 1981. Kurt Waldheim wa Austria alikuwa anataka muhula wa tatu kama Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa. Afrika ikamweka Salim, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa mambo ya nje wa Tanzania. Kura za Baraza la Usalama zikaanza mwezi wa Oktoba. Duru ya kwanza Salim akapata kura 11, Waldheim 10. Kwa hesabu ya kawaida, Mwafrika amepita. Lakini pale wako watano wenye veto. China ikamwekea Waldheim veto, na ikaendelea kuiweka mara 16, bila kuchoka. Ilikuwa inalipa deni la 1971, na ilikuwa imesema ni zamu ya inchi maskini. Na Marekani ikamwekea Salim veto, duru baada ya duru. Makamu wa rais wa Marekani mwaka ule alikuwa nani? George Bush. Siwezi kusema ni kinyongo cha mtu mmoja. Serikali ya Reagan ilikuwa na sababu zake, ilimwona Salim kama mtu mkali juu ya Afrika Kusini na juu ya Palestina. Ila mnaona namna usiku mmoja wa 1971 ulivyompa rafiki mwenye veto na adui mwenye veto kwa pamoja. Rafiki hakuweza kumfikisha. Adui aliweza kumzuia. Ilikwenda wiki sita, mpaka wote wawili wakajiondoa, na tarehe 11 Desemba kazi ikaangukia kwa Javier Pérez de Cuéllar wa Peru.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Aprili 1984 waziri mkuu Edward Sokoine akafa kwenye ajali ya gari, Salim akapewa nafasi yake. Mwaka 1985 Nyerere akang'atuka, jina la Salim likatajwa, lakini chama kikamchagua Ali Hassan Mwinyi. Akabaki serikalini, akashika ulinzi. Kwa mtu wa siasa hayo ndiyo maisha. Kwa mtu wa diplomasia ilikuwa kama kungoja uwanja wa ndege. Mwaka 1989 akachaguliwa Katibu Mkuu wa OUA, Addis Ababa, na pale akamaliza mihula mitatu, mpaka Septemba 2001. Hakuna aliyemtangulia aliyefanya hivyo.

Sasa tunafika kwetu.

OUA aliyoikuta Addis ilikuwa imejengwa 1963 juu ya sheria moja kubwa: usiingilie mambo ya ndani ya jirani. Rais akiua watu wake, wenzake wanaangalia pembeni na kuulizana habari za mvua. Salim alipigania kuibadilisha. Alisema waziwazi kwamba Mwafrika ni mlinzi wa Mwafrika mwenzake, na mwaka 1993, Cairo tena, wakuu wa inchi wakakubali kuunda chombo cha kuzuia na kumaliza mizozo. Chombo kikazaliwa bila pesa na bila askari. Mwaka mmoja baadaye Rwanda ikawaka. OUA ilikuwa imetuma waangalizi wachache kule, na waangalizi hawazuii panga. Najua wengi wenu hapa mnaona OUA ilikuwa klabu ya wazee, na ukitazama 1994 ni vigumu kuwajibu. Mimi nasema tu kwamba chombo kilikuwa cha mwaka mmoja, na wale waliokuwa na ndege na askari, kwenye Umoja wa Mataifa, walichagua kupunguza watu wao.

Kilichotoka Rwanda kikavuka mpaka, hiyo hakuna haja niwaambie. Vita ya 1996. Halafu vita ya tarehe 2 Agosti 1998, ile tunayoiita ya pili. RCD wakatoka Goma wakishikwa mkono na Rwanda, mwezi wa Oktoba Kindu ikaanguka, na miji yetu ikafuata. Upande wa Kinshasa zikaja Zimbabwe, Angola na Namibia. Angalieni hayo majina matatu! Ni zile zile dosie za Kamati ya watu 24. Inchi ambazo Salim alizipigania ziwe huru, sasa ziko Kongo na vifaru na ndege. Upande wa pili Museveni, aliyesoma chuo kikuu cha Dar es Salaam miaka ya sitini. Katikati Laurent Kabila mwenyewe, aliyeishi Dar miaka na miaka, baada ya maquis yake ya Fizi, pale jirani na Kabambare. Hata kiongozi wa kwanza wa RCD, Wamba dia Wamba, alikuwa profesa Dar es Salaam. Kwa hiyo Katibu Mkuu wa OUA hakuwa anasuluhisha wageni. Wengi wao walikuwa wamekula ugali wa mji mmoja.

Mwenye kuongoza mazungumzo alikuwa rais wa Zambia, Frederick Chiluba. OUA ya Salim ilikuwa pembeni yake katika kila hatua, pamoja na Umoja wa Mataifa na SADC. Tarehe 10 Julai 1999, Lusaka, inchi sita zikatia sahihi: Kongo, Angola, Namibia, Zimbabwe, Rwanda na Uganda. Bemba wa MLC akatia sahihi tarehe 1 Agosti. RCD wakachelewa mpaka tarehe 31 Agosti, kwa sababu walikuwa wamegawanyika, Goma huku na Kisangani kule, na hawakukubaliana ni mkono wa nani utashika kalamu. Wakamaliza kwa kutia sahihi waanzilishi wote, watu hamsini na kitu. Unaweza kucheka. Mimi nilicheka, halafu nikakumbuka kwamba wakati wanagombania kalamu, Rwanda na Uganda walikuwa tayari wanapigana ndani ya Kisangani.

Karatasi yenyewe, ukiisoma, si mbaya. Inasimamisha moto. Inaweka tume ya pamoja ya kijeshi, kila upande watu wawili, na mwenyekiti anateuliwa na OUA. Inataka majeshi ya nje yaondoke ndani ya siku 180. Inaomba askari wa Umoja wa Mataifa, na hapo ndipo MONUC ilipozaliwa, azimio la tarehe 30 Novemba 1999. Inataka Wakongomani wakae chini waongee wao kwa wao, na OUA ndiyo iliyoleta msuluhishi, mzee Ketumile Masire, aliyekuwa rais wa Botswana. Kila kitu kilichokuja baadaye, Sun City, Pretoria, serikali ya mpito ya 2003, kilikaa juu ya msingi ule. Mtu akikwambia Lusaka ilikuwa bure, mwulize 2003 ilitoka wapi.

Lakini soma tena orodha ya waliotia sahihi, ukiwa umesimama Kasongo. Ni nani anakosekana?

Mai-Mai hawakuwa na kiti Lusaka. Na hapa kwetu, RCD walikuwa na miji, na pori lilikuwa la Mai-Mai. Ukitoka Kasongo kwenda Kabambare, ukienda Salamabila, ukishuka upande wa mto, aliyekuwa anakusimamisha njiani hakuwa mmoja wa wale waliotia sahihi. Kinshasa iliwaita wazalendo kwenye redio, lakini kwenye karatasi hawakuandikwa kama upande wenye sahihi yake. Kwa hiyo sheria ya kusimamisha moto iliwafunga watu walio mjini na majeshi ya serikali sita, na haikuwafunga wale waliokuwa katikati ya mtu na shamba lake.

Mama yangu anasimulia kwamba mwaka 2000 shamba letu la muhogo lilikuwa saa mbili kwa mguu, na saa mbili zile zilikuwa kama kuvuka mpaka wa inchi. Mjini wenye bunduki waliuliza: unapelekea nani chakula porini? Porini wenye bunduki wengine waliuliza: umetumwa na nani kutoka mjini? Watu wakaacha mashamba ya mbali, wakalima kando ya nyumba, udongo ule ule mwaka kwa mwaka bila kupumzika. Mimi kama mtu wa agronomia naweza kuwaonyesha mpaka leo sehemu ambazo udongo ulichoka miaka ile. Chumvi ikawa dawa. Sabuni ikawa anasa. Treni ya Lubumbashi haikufika Kindu. Na haya yote, kwa hesabu ya Lusaka, ni baada ya vita kusimama.

Je, Salim hakulijua hilo? Mtu aliyeongoza ile kamati miaka minane, akisikiliza vyama vya porini ambavyo Ureno ilikataa hata kuvitaja jina, ndiye ningetegemea alijue kuliko wote. Nafikiri tatizo lilikuwa ofisi yenyewe. OUA ilikuwa chama cha serikali. Katibu Mkuu wake ni mtumishi wa marais, na marais ndio waliokuwa wanapigana. Alichoweza ni kuwaleta mezani wale waliokuwa na anwani. Waasi wenyewe, kuwaingiza ukumbini tu ilikuwa mapambano, kwa sababu Kinshasa ilikuwa inasema vita ni kati ya inchi na inchi, hakuna mwasi. Ukijaribu kuongeza na vikundi vya kila kijiji, meza haianzi kabisa. Kuna watu watasema huo ndio uhalisia. Sawa. Ila uhalisia huo ulilipwa na watu wa Kabambare, si na watu wa Addis Ababa.

Naliona kila mwezi katika kazi yangu ndogo. Tunaitisha mkutano juu ya bonde la mpunga, nani alime wapi, ng'ombe wapite wapi. Chifu anakuja, mapadri wanakuja, mwakilishi wa wakulima, muungano wa akina mama, wote wanatia sahihi, tunapiga picha. Wachimbaji wa dhahabu, wale vijana ambao maji yao machafu ndiyo yanayoingia bondeni, hawakuja. Hawana kiongozi anayejulikana, hawana muhuri, na barua ya kuwaalika hujui uipeleke wapi. Baada ya wiki mbili maji ni mekundu na karatasi iko ukutani. Sasa hivi kabla ya kupanga tarehe natumia siku tatu nzima kule machimboni, nakunywa chai yao, natafuta ni nani wenzake wanamsikiliza. Inachelewesha mradi na wakubwa wangu hawapendi.

Mai-Mai walipata kiti baadaye, kwenye mazungumzo ya Sun City mwaka 2002, kama upande wao wenyewe, na mkataba wa Pretoria wa tarehe 17 Desemba 2002 ukawapa sehemu serikalini. Wakati huo Salim alikuwa ameshaondoka Addis. Laurent Kabila alikuwa ameuawa, Januari 2001. OUA yenyewe ilikuwa imekufa. Julai 2002, Durban, iligeuzwa Umoja wa Afrika, kitu ambacho Salim alikipigania kwa miaka na hakukiongoza hata siku moja.

Mwaka 2005 alijaribu urais wa Tanzania. Akafika kwenye watu watatu wa mwisho wa CCM, pamoja na Jakaya Kikwete na Mark Mwandosya. Na hapo ndipo lile jambo la ujana wake likarudi: watu wakasambaza maneno kwamba alikuwa Hizbu, kwamba damu yake ni ya Kiarabu, kwamba mapinduzi ya 1964 yalifanywa dhidi ya watu kama yeye. Yeye ambaye serikali ya mapinduzi yale yale ndiyo iliyomfanya balozi! Miaka arobaini ya kuibeba bendera ya Tanzania duniani haikutosha kufuta kadi ya chama ya kijana wa miaka 19. Kikwete akashinda.

Wakati kampeni ile inapita, Salim alikuwa tayari na dosie nyingine mkononi. Umoja wa Afrika ulikuwa umempa Darfur. Akakaa Abuja miezi na miezi na serikali ya Sudan na makundi ya waasi, hoteli moja, maneno yale yale asubuhi na jioni. Tarehe 5 Mei 2006 mkataba ukawa tayari. Serikali ikatia sahihi. Upande wa waasi akatia sahihi Minni Minnawi peke yake. Abdul Wahid akakataa, JEM wakakataa, wakarudi kwa watu wao. Balozi wa Cairo wa 1964 alikuwa sasa na miaka 64, na mwaka uliofuata alikuwa barabarani tena, pamoja na Jan Eliasson wa Umoja wa Mataifa, akiwatafuta wale waliokosekana.